Pini ya Tano

Fundi wa nguo wa kituo kimoja cha televisheni cha Helsinki si mwongeaji akiwa kazini, maana midomo yake hubana pini nne. Likija swali asilotaka kulijibu, huongeza ya tano. Gauni akilipunguza, kitambaa kinachozidi hakikati kamwe. Hukikunja ndani na kukishikiza kwa uzi mlegevu, kwani mwili, asemavyo yeye, hurudi. Gauni la kijani la Orvokki, mwimbaji anayeandaliwa kipindi maalumu cha kuadhimisha miaka yake arobaini jukwaani, amelipunguza mara nne ndani ya wiki tatu. "Kitambaa hiki kimelegea, dada," Orvokki humwambia kila mara, mifupa ya kiuno ikimgusa fundi vidoleni. "Kimezeeka tu," fundi hujibu, baada ya kuzitoa pini zote ili aweze kuutamka uongo huo.

Leo, bendi ikijaribu vyombo, mwongozaji alichungulia mlangoni. "Hapo kiunoni pamevimba, jamani! Kamera inaona kila kitu." Ilikuwa ile mikunjo.

"Kata," Orvokki akasema.

"Nikikata, halitapanuka tena."

"Kata bwana, watu wananisubiri."

Mkasi ukapita. Orvokki akaokota kipande kilichoanguka, akakinyoosha mbele ya kioo. "Kumbe nilikuwa mnene hivi!" Akacheka peke yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama gauni litamfaa kwenye tamasha la kiangazi.

Hapakuwa na kitu kilichobaki cha kushikiza. Fundi akachukua pini tano, akazibana midomoni.