Buti za Ofisi na Raba za Mlima wa Vidunda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi moja ya serikali pale Kilosa, Karani Mkuu hakunipa kalamu wala karatasi. Alinipa buti nyeusi, nzito, zenye misumari chini. "Ndugu," akasema, "sasa wewe ni tarishi. Serikali yetu haitembei peku." Nikazivaa, nikajiona bwana mkubwa, nikapita sokoni mara tatu bila haja yoyote.

Baada ya wiki mbili nikapelekwa Mikumi, chini ya Katibu Tarafa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua za mambo ya vijiji vya ujamaa huko Vidunda, juu mlimani. Lori lilinishusha chini ya mlima, kisha ni miguu yangu: kwanza njia ya udongo, halafu miamba ya kupanda kwa mikono na miguu. Tarishi aliyenitangulia alikwenda na kurudi siku moja. Mimi nililala huko huko, visigino vimechubuka, kucha za vidole gumba nyeusi tii.

Katibu Tarafa hakuwa na maneno mengi. "Una miezi mitatu ya majaribio, ndugu. Mmoja umekwisha. Ukiendelea kulala mlimani, nakurudisha kwenu Mvumi ukalime." Loo, nilikonda! Mama alikwishatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mtu wa serikali. Ningerudi na uso gani?

Nikamwendea Mzee Yusto, fundi viatu wa pale Mikumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo buti umemwibia askari gani?"

Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakataa kunipima. "Rudi jioni, ukishatembea kutwa. Asubuhi mguu haujavimba. Nikiupima sasa, kiatu kitakubana mlimani."

Jioni akanipima, akaacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, maana kwenye mteremko mguu husukumwa mbele na kucha zikafa. Akachukua raba za turubai, akang'oa soli, akaweka ubavu wa tairi la gari dogo. Mimi nilitaka la lori, nikidhani unene ndio uimara.

"Weee! La lori ni zito na gumu, hutajua umekanyaga nini. Mwamba lazima mguu uusikie."

Akashona kwa uzi wa katani, akaichanja soli kwa kisu ili ishike. Turubai likilowa kijitoni, maji yalitoka yenyewe.

Wallahi, nilipanda kama mbuzi! Jua halijazama nimesharudi. Ila buti zilikuwa amri, kwa hiyo nilizificha kichakani chini ya mlima, nikazivaa tena kurudi ofisini. Katibu Tarafa akafurahi: "Umeona? Buti umezizoea."

Mwezi wa tatu akasema anakwenda Vidunda mwenyewe, kuhutubia mkutano. Tukapanda wote na buti zetu, raba zangu nimezifutika ndani ya mfuko wa barua. Kwenye mwamba wenye maji misumari ikamponyoka, akateleza, akabaki amekumbatia mzizi.

"Ndugu tarishi, nakwisha!"

Sikuwa na la kufanya. Nikavaa raba mbele ya macho yake, nikamfuata, nikamshika mkono mpaka akakaa pazuri. Akahema, akaniangalia miguu.

"Hizo ni nini?"

"Raba, Ndugu Katibu. Ndizo nipandiazo siku zote. Buti hulala kichakani."

"Kwa hiyo miezi miwili unanidanganya?"

"Ndiyo, Ndugu Katibu."

Nikajua kazi imekwisha. Akafungua kamba za buti zake. "Hebu zilete nijaribu." Zikamkaa sawasawa. Akaingia mkutanoni na raba zangu, mimi nyuma yake peku, jozi mbili za buti zikining'inia shingoni. Wananchi walicheka, naye akacheka.

Juma lililofuata nikapewa barua ya kuthibitishwa kazini. Raba hakunirudishia, nikashonesha nyingine.

Nilipanda mlima ule mpaka nikastaafu. Wenzangu waliokaa vitini wanatembelea fimbo, mimi magoti yangu mazima. Nanyi vijana mnaokimbia milimani, nendeni kununua viatu jioni, mvikunje kwa mkono, na msidanganyike na unene wa soli.

Ile barua sina ya kuwaonyesha. Nilimpelekea mama Mvumi. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini aliipitisha nyumba kwa nyumba mpaka ikachanika vipande.