Mgongo Wazi wa Kreti ya Kumi na Saba

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, karibu kila lango la kiwanda mjini Kisumu lilikuwa na kibao cha HAKUNA KAZI. Vingine vilikuwa vimepakwa rangi upya, na hilo lilinikera kuliko maneno yenyewe, maana yake kuna mtu alikuwa amepewa kazi ya kuvipaka. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba kilikuwa kimefungwa, naye akarudi nyumbani mashambani kulima mtama kwa hasira. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Cheti changu nilikitia kwenye karatasi ya nailoni nikakitembeza mji mzima, mpaka nailoni ikachakaa.

Kazi iliyokuwepo ilikuwa ya samaki. Mbuta waliletwa kutoka fuo za ziwa, wakapasuliwa, mnofu ukafungwa kwenye barafu na kusafirishwa ng'ambo. Nilipata kibarua katika kiwanda kimoja kidogo, na kibarua ni kazi ya leo tu. Kila asubuhi nyapara alikusanya vitambulisho vyetu langoni, akachagua anaowataka, waliobaki wakarudishiwa vyao na kwenda zao. Kila mmoja wetu alitaka kuandikwa: upewe kadi yenye jina lako, uingie kila siku bila kuchaguliwa, uache kusimama pale kama mtu anayesubiri hukumu. Nilikaa kibarua miezi saba. Nilitaka kuandikwa kuliko nilivyotaka kuoa, na mchumba nilikuwa naye.

Mama alibaki nami mjini, mtaa wa Nyalenda, akiuza mgongo wazi. Hiyo ndiyo mifupa ya mbuta inayobaki baada ya mnofu kuondolewa, kichwa kikiwa bado juu yake. Wanawake waliinunua kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda, wakaianika kidogo, wakaikaanga na kuiuza jioni. Mnofu ulikuwa wa watu wa ng'ambo. Kuna watoto mtaani kwetu waliokua bila kujua kwamba mbuta ana nyama ubavuni.

Kila mkataji alikuwa na kreti yake ya kutupia mifupa, na yangu ilikuwa namba kumi na saba. Nakiri kwamba kisu changu hakikugusa mfupa inavyotakiwa, na nyama ilibaki. Mwanzoni ilikuwa ugeni wa kazi. Baadaye niliujua mfupa vizuri kabisa, lakini nikiukaribia mgongo mkono ulikuwa unainuka wenyewe, kwa sababu nilijua ni nani aliyesimama nje na beseni. Sikujiona mwizi. Nilijiona mtoto mzuri, tena nilijipenda sana kwa ajili hiyo.

Mama ana sifa nyingi, ila kunyamaza hakumo. Aliwaambia wenzake wote, "Hiyo ya kumi na saba ni mkono ya kijana yangu." Haukupita mwezi, wanawake wakawa wanaikimbilia kreti ile mlango ukifunguliwa tu. Asubuhi moja wawili waling'ang'ania samaki mmoja, huyu kichwani na huyu mkiani, hadi akakatika katikati. Nilicheka siku hiyo. Nilikuwa mjinga wa mwisho.

Ijumaa moja, tukinoa visu, nyapara alisimama karibu yangu. Alikuwa mzee asiyependa maneno mengi.

"Omera, ndugu yangu, leo meneja anaandika watu wawili," aliniambia. "Na wewe unajua vile yeye huchagua? Huyo hasomi cheti ya mtu. Anasimama kwa mlango ya nyuma, anaangalia hawa mama. Kreti yenye wanapigania, huyo hana mkono. Kreti yenye wanaacha, huyo anajua kazi."

Mama alikuwa tayari nje, kwenye foleni. Sikuwa na njia ya kumfikia.

Asubuhi ile nilikata kama sijawahi kukata. Kisu kilipita juu ya mfupa kikikwaruza, na mifupa niliyoacha ilikuwa mitupu hata ungeweza kusoma gazeti kupitia katikati yake. Niliona aibu jinsi ilivyokuwa rahisi. Lakini kilichonitia hofu zaidi ni mazoea ya wale wanawake. Wangeikimbilia namba yangu bila kuangalia, wagombanie mifupa mitupu, na meneja angeona ugomvi tu.

Saa nne mlango wa nyuma ulifunguliwa, nasi wakataji tukasimama pale, kila mmoja na kreti yake. Meneja alisimama kando yangu amekunja mikono. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, Kijaluo chake kizuri kuliko changu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunong'ona mbele yake. Mama alikuwa wa kwanza. Alikuja moja kwa moja kwenye kreti yangu, wenzake wakimfuata, akainama akainua mfupa mmoja.

Akaugeuza. Akaugeuza tena. Kisha akainua macho, akaniona, akamwona na yule aliyesimama kando yangu. Sijui alielewa nini, na sijawahi kumuuliza. Aliurudisha mfupa polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Hii haina kitu," alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili asibaki mtu asiyesikia. "Ni mifupa tu. Hata ya bure mimi siwezi beba."

Wanawake walimtazama kwa mshangao. Rafiki yake alichungulia ndani ya kreti, akaguna, akasonga mbele, na wengine wakamfuata. Mama alijaza beseni lake kutoka kreti ya mtu mwingine, mkataji wa siku nyingi aliyesifika kwa kutobakisha chochote. Yangu ilibaki imejaa mpaka mlango ukafungwa.

"Wewe," meneja aliniambia, "Jumatatu uje na kitambulisho na picha mbili."

Nilikwenda chooni nikalia. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na uchungu, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Jioni nilimkuta mama kwenye meza yake, mafuta yakichemka. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, mteja wake wa kila siku, alikuwa akigeuzageuza kipande mkononi.

"Mama, mbona samaki ya leo iko hivi? Nyama imeenda wapi?"

"Mtoto yangu ameandikwa," mama alijibu.

Yule jirani alifuta mkono wake kwenye leso akanipa, akanipongeza kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akaomba aongezewe kipande cha pili, kwa kuwa kimoja kisingewatosha watoto tena.