Bi Dakika na Glasi ya Maji

Saa nne na dakika nane asubuhi. Mtaalamu wa pili wa siku ameishika meza ya mzungumzaji kwa mikono miwili, kama anayehofia isije ikaondoka. Alipewa dakika ishirini. Tano za kwanza amezimaliza kuwatambua waheshimiwa waliomo ukumbini, mmoja baada ya mwingine na vyeo vyao, akiwemo mmoja ambaye hata hakuja.

Kwenye kiti cha pembeni, safu ya kwanza, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anainua kadi ya njano: dakika zinakaribia kwisha. Amevaa sketi ya bluu ya sare na saa kubwa ya kiume. Mtaalamu anaiona kadi, anatabasamu, anaendelea. Inakuja nyekundu: zimekwisha. Ghafla mtaalamu amependa sana kutazama dirishani.

Mwanamke anaweka kadi chini. Anasimama, anamimina maji kwenye glasi, anatembea taratibu hadi mbele, anaiweka karibu na kompyuta ya mzungumzaji, kisha anabaki pale pale, mikono nyuma.

"Oh, asante," mtaalamu anasema. Sentensi imekatika. Ukumbi unapiga makofi, na kwisha kazi.

"Mtu akishasema asante, harudi tena alikokuwa," mwanamke anaeleza baadaye, akiwa kwenye chumba cha chai. "Kadi atajifanya hajaiona. Maji yaliyoletwa na mtu mzima mwenzake je?" Maji yenyewe hakuna anayeyanywa. Huyamwagia ua lililo kwenye kopo mlangoni, nalo limenawiri kweli kweli.

Katika kongamano hili la wataalamu wa mifumo ya taarifa, wote humwita Bi Dakika. Siku nyingine za mwaka ni mhudumu wa ofisi chuoni hapa. Hufagia vyumba vitatu vya wahadhiri, hupeleka barua na kuchemsha chai. Lakini siku tatu za kongamano, maprofesa humwamkia kwa adabu, maana wanajua saa yao iko mkononi mwake.

Ameshika kadi hizo miaka kumi na tisa sasa. Alianza mwaka ambao kikao cha asubuhi kilivuka mchana hadi chakula kikapoa. Kadi alikuwa amepewa mwanafunzi, na nani amnyanyulie kadi nyekundu mwalimu anayemsahihishia mtihani?

"Mwenyekiti alitoka nje kashika kichwa, akanikuta napanga vikombe," anakumbuka. "Akaniuliza, 'Dada, wewe unamwogopa profesa?' Nikamwambia, 'Ndiye ninayemfagilia kila siku. Nimwogopee nini?'"

Tangu hapo hana upendeleo. Saa huanza kutembea neno la kwanza linapotoka kinywani, na dakika zikiisha zimeisha, uwe mkuu wa chuo au mgeni aliyeshuka kwenye ndege usiku wa jana. Profesa mmoja aliwahi kumnong'oneza, "Bi Dakika, nionee huruma." Akamjibu, "Huruma yote nimeimalizia kwa aliyekutangulia."

Kusikiliza kote huko kumemwachia elimu yake mwenyewe. "Wengi hueleza kompyuta yao ilivyo nzuri," anasema. "Wanapofika kwenye watu, kama waliitumia au waliiacha, ndipo dakika zinakwisha. Kila mwaka nasema moyoni, baba, ungeanza na hapo!"

Leo mchana, hata hivyo, Bi Dakika hana raha. Mzungumzaji wa kikao cha saa nane na nusu ni binti yake, kifungua mimba wake, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya wataalamu. Amepewa dakika kumi na tano.

Nyumbani wamefanya mazoezi wiki nzima. Baba, fundi cherehani, aliketi kwenye kochi akawa ndiye wataalamu wote, na mama akaweka saa mapajani. Mara ya kwanza binti alitumia dakika ishirini na nne. "Na baba yake akapiga makofi!" Bi Dakika analalamika. "Yule hafai kabisa kwa kazi hii."

Mwenyekiti alijitolea kumpa mtu mwingine kadi kwa kikao hicho kimoja. Akakataa. "Nikimkwepa wangu, kesho nitamnyanyulia nani?" anasema. Halafu sauti inashuka. "Lakini ninaogopa. Nikimkata vibaya, nitakuwa nimemharibia siku yake mimi mwenyewe, mama yake."

Saa nane na nusu inafika. Projekta inagoma. Binti anasimama kimya dakika mbili nzima, midomo ameibana, kwa sababu alishaonywa kwamba hata "samahani" moja inaanzisha saa. Picha inapotokea ukutani anavuta pumzi na kusema, "Itifaki imezingatiwa." Ukumbi unacheka, na mama anaanza kuhesabu dakika.

Binti anaanza na watu. Katika zahanati sita alikuta wahudumu wa mapokezi waliopewa kompyuta bado wanaandika kwenye daftari kubwa pia. Mmoja alimweleza sababu: kwenye kompyuta hapakuwa na pa kuandika "kaletwa na bibi yake", na bibi ndiye anayejua dawa alizotumia mtoto. Wataalamu wameacha kuchezea simu. Binti naye anakolea, anaongeza kisa cha pili, cha tatu.

Kadi ya njano inapanda. Binti anaharakisha. Nyekundu. "Na mwisho kabisa," anasema, mkono ukitafuta slaidi moja zaidi.

Bi Dakika ameshasimama na glasi.

"Mwongezee dakika!" anapaza sauti mtu kutoka katikati ya ukumbi. Ni yule mtaalamu wa asubuhi. Wengine wanadakia. Bi Dakika anatikisa kichwa, anaiweka glasi mezani, mikono nyuma.

Binti anaitazama glasi. Anamtazama aliyeileta. "Asante, Mama," anasema, kisha anayanywa maji yote mpaka tone la mwisho. Ukumbi unasimama kumpigia makofi.

Ni pale anapogeuka kurudi kitini ndipo Bi Dakika anaiona ukutani slaidi ambayo haikusomwa. Ni picha yake mwenyewe, na sketi yake ya bluu, kadi ya njano juu. Chini yake pameandikwa: "Shukrani kwa mama, aliyenifundisha kuanza na lililo muhimu."

Katika chumba cha chai anaiosha glasi kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji, mgongo ameupa mlango. "Nimefurahi," anasema bila kugeuka. "Nimefurahi mpaka naona aibu. Miaka yote hii, ni wa kwanza kuyanywa."

Binti anaingia, macho mekundu lakini anacheka. Mama anajifuta mikono kwa sketi. "Sasa wewe, kama mama ndiye muhimu, mbona ulimweka mwisho?"

Bi Dakika amebakiza miaka mitatu kustaafu. Anataka kadi zimkute bado mkononi siku binti atakapoitwa mbele kwa cheo cha daktari wa falsafa. Binti ameahidi kwamba mwakani ataanza na shukrani kabla ya yote.

"Aanze nazo tu," anasema mama, akiivaa saa yake upya. "Lakini ajue saa inatembea."