Mtani Niliyemlipa Bila Kubishana

Nauza milango iliyokwishatumika. Nyumba ikibomolewa huko Dar nanunua milango, fremu za madirisha na mabati, navileta Picha ya Ndege, hapa kwetu Kibaha, ambako kila mtu anajenga na hakuna anayemaliza. Kazi hii mtaji wake ni mdomo. Mteja akitaja bei nacheka kwanza, ndipo namjibu. Bawaba nazihesabu kabla ya kufunga mzigo, nikifika nazihesabu tena, kwa sababu bawaba zina tabia ya kushuka njiani bila kuaga. Tangu nianze sijawahi kulipa bei ya kwanza, isipokuwa siku moja, kwenye msiba wa mama yangu.

Pale mtaani kwetu wengi ni wa kuja. Ikifika Desemba wanafunga nyumba wanaenda kwao, mtaa unabaki na sisi na mbuzi. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza, "Na nyie kwenu wapi?" Nikamjibu, "Hapahapa." Akatikisa kichwa. "Hapahapa si kwao mtu, bwana." Nilimcheka, lakini neno lake nililala nalo.

Upande wa baba naujua. Ni watu wa mashamba ya karibu na Mlandizi, makaburi yao yapo, na minazi yao ninaweza kukuonyesha. Ila kwetu sisi Wazaramo ukoo unapita kwa mama, na huko ndiko nilikokuwa na pengo. Mama alizaliwa Kibuta, huko Kisarawe, akaolewa, akaishi Visiga mpaka mwisho wake. Tulijua jambo moja tu la zaidi: kwamba mama yake yeye, bibi yetu, hakuzaliwa Kibuta. Aliletwa pale akiwa mtoto mdogo. Kutoka wapi, na nani, kwa sababu gani, mama hakusema. Nilipomuuliza nikiwa kijana alinijibu, "Unataka kwenda kuoa huko?" Nilipomuuliza nikiwa na watoto wangu alisema, "Ngoja, wali unaungua." Siku hiyo jikoni hapakuwa na wali. Hapakuwa hata na moto.

Akafariki. Mjomba, mdogo wake wa mwisho, akasema azikwe Kibuta karibu na mama yake. Tulikodi Kosta kutoka Visiga, tukazunguka kwa Pugu, tukafika nyumbani kwa mjomba jua limepanda. Mimi ndiye mtoto mkubwa, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwangu: watu, maji, sanda, muda. Shekhe alishaniambia tutazika baada ya sala ya adhuhuri, tusichelewe.

Jeneza lilipokuwa tayari kutoka ndani, akatoka mwanamke mmoja amejifunga khanga ya mama. Alikuwa rika la mama, mwembamba, meno ya mbele hana. Alikuwa akitembea kama mama, mguu mmoja anauburuta, mkono kiunoni, na kila akipita mlangoni anaupiga mlango kofi. Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na machozi yao usoni.

"Niacheni nipite!" akapiga kelele, na sauti nayo ilikuwa ya mama. "Mnanibeba mnanipeleka wapi? Wali wangu uko motoni!"

Huyo alikuwa mtani wetu. Kila ukoo una ukoo wa watani wake, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ambayo hata shekhe hana. Hayo niliyajua kama mtu anavyojua kwamba kuna nchi inaitwa Brazili.

Akaketi kizingitini, akanyoosha miguu, akaziba njia.

"Mimi mchoyo huyu," akaendelea kwa sauti ya mama, "nimekula chumvi ya watu wa Visiga miaka yote, sikuwahi kurudisha hata kijiko. Leo mnanizika hapa. Mnajua mimi ni mtu wa hapa? Mama yangu aliingia kijiji hiki mgongoni kwa mtu. Nani anamjua aliyembeba?"

"Sema!" wakaitikia wanawake.

"Sisemi bure. Nataka ng'ombe."

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona akitabasamu. "Ng'ombe?" alisema. "Marehemu mwenyewe hakuwa na kuku."

Mimi nilikuwa natazama jua. Natazama majirani zangu wa Picha ya Ndege, wawili kati yao wameshatoa simu wanarekodi. Nikaona aibu. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa noti zote zilizokuwamo, nikainama nikamwekea kiganjani.

"Shika mama, tupishe tafadhali."

Mwanamke yule aliziangalia zile noti, akaniangalia na mimi. Akasimama, akafungua khanga ya mama, akanikabidhi.

"Asante, baba," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Poleni na msiba."

Akatupisha. Jeneza likapita. Nikajisifu moyoni kwamba nimelimaliza jambo kabla ya adhana.

Tulipotoka makaburini mjomba alinivuta pembeni, nyuma ya jiko.

"Ulimpa ngapi?"

"Zote nilizokuwa nazo."

"Hukumshusha bei?"

"Mjomba, kwenye msiba?"

"Sasa wapi? Wewe unayebishana bei mpaka na muuza mchicha!" Alikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Mtani ukimlipa bila kubishana umemfukuza. Umemwambia wewe kibarua, shika ujira wako uondoke. Yeye anaanza na ng'ombe, sisi tunasema kuku. Anashuka mpaka mbuzi, na kila akishuka anatoa neno moja la marehemu. Mkifika kwenye yai mmeshasikia yote, alikotoka, aliyemleta, alichokimbia."

"Basi niambie wewe. Ni dada yako."

"Mimi ni kitindamimba, nilikuta yameshafungwa. Halafu mambo ya ukoo hayakai ndani ya ukoo, mpwa wangu. Yangekaa kwetu tungeyapamba. Yanawekwa kwa watani." Akageuka kutazama kule makaburini. "Na mimi nilikuwa nasubiri kusikia."

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Mzee yule alikuwa amesubiri maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimekomboa nusu saa.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa yule mama mtani, peke yangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitika vizuri, "Marahaba, baba. Karibu, mgeni." Akanyanyuka, akafuta kigoda kwa upindo wa khanga, akaniwekea. Nikajua mambo ni mabaya. Mtani hakufutii kigoda, mtani anakuuliza mbona hujafa.

Nikajaribu. "We bibi, hii mihogo umeiba shamba la nani?"

"Ni ya shambani kwangu, baba. Nikufungie kidogo uwapelekee watoto?"

Sijawahi kutukanwa kiasi kile.

Ikabidi niulize moja kwa moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama mkononi. "Ya marehemu husemwa marehemu akiwa bado uwanjani," alisema. "Akishalala, nayo yamelala." Nikamwahidi hiki, nikaongeza kile. Yeye hakutaja chochote. Kwenye biashara, mtu asiyetaja bei huna la kumfanya. Nilirudi Kibaha na furushi la mihogo, tamu kwelikweli, na kila kipande kilinikwama.

Mwaka uliofuata mjomba alipiga simu. Kaka wa yule mama amefariki. "Njoo," akasema. "Safari hii zamu ni yetu."

Nilifika nikamkuta mtani wangu amekaa mkekani, macho mekundu. Mjomba akanisukuma kati. Nikalinyakua jembe la kuchimbia kaburi, nikalikalia.

"Kaburi halichimbwi," nikasema. "Nataka trekta."

Watu wakageuka. Yule mama akainua kichwa. "Trekta la nini, na wewe unauza milango isiyo na nyumba?"

Wakacheka. Mimi nikashusha dai mpaka pikipiki, yeye akapandisha mpaka baiskeli bila magurudumu. Kubishana ninakujua, mkate wangu ndio huo, na uwanja ulichangamka. Lakini nilipotakiwa kushuka na neno la marehemu, sikuwa nalo. Yule marehemu nilimwona kwa mbali siku ya msiba wa mama, basi. Mjomba ikabidi asimame nyuma yangu akinong'ona, nami nasema kwa sauti: alivyomtongoza mkewe kwa kuazima shati, alivyolala usingizi shambani akilinda mazao, nguruwe pori wakayala. Watu wakalia wakacheka, na mimi nikayasikia kwa mara ya kwanza pamoja nao. Mtu mzima, kasuku wa mjomba wake.

Jioni yule mama alikuja nilipokaa.

"Umejitahidi, mwizi wa milango."

Sikuwahi kufurahia kuitwa mwizi kama siku ile. Nikaona mlango umefunguka. "Basi niambie ya mama."

Akacheka, lile pengo la meno likaonekana lote. "Ya mama yako nilishakwambia, yamelala. Ila wewe ni mwanawe, na yako yanaanzia kwake. Siku yako nitayasema yote, kuanzia huyo aliyebebwa mgongoni. Utakuwepo, ila hutasikia."

"Na ukitangulia wewe?"

"Basi mmeumia."

Nimepiga hesabu hiyo nikairudia. Yeye ni rika la mama. Sukari inamsumbua, na binti zake wawili wako Dar, hawana habari na misiba ya Kibuta. Mimi nina afya, Mungu anisamehe kwa kuilalamikia. Hata nikitangulia, watakaosikia ni wanangu, ikiwa hapatakuwa na mtu wa kutazama saa. Nimemweleza binti yangu mkubwa: siku hiyo akitokea mwanamke anadai ng'ombe, mtu yeyote asitoe pesa, yeye aseme kuku. Aliniuliza kuku mzima au nusu. Mjomba alifariki mwezi wa Shabani, naye alikwenda bila kujua; siku ya kumzika mtani alikuwa amelazwa hospitali kwa hiyo sukari, msiba ukapita bila utani.

Wiki hii nimesikia mtani anakohoa. Leo sikufungua banda langu la milango. Niko njiani kwenda kumwangalia, na binti yangu amekaa pembeni yangu. Tulipopita sokoni aliniuliza tumnunulie nini bibi, sukari hapana, labda khanga au matunda. Nikamwambia tusinunue kitu. Akaniona mchoyo.

"Tukimpelekea kitu," nikamwambia, "atashukuru."