Chuma Kilichoanguka Kisaju

Baba alipenda mambo ya anga tangu ujana wake, tangu aliposikia redioni kwamba watu wametembea mwezini. Alipostaafu ualimu kule Murang'a alinunua shamba Kisaju, akatuambia waziwazi kwamba amefuata uwanda usio na milima ya kuziba mbingu. Jioni alikuwa akituonyesha setilaiti zikipita, kwa fahari, kana kwamba alisaidia kuzirusha.

Mchana mmoja wa kiangazi nilikuwa naanika nguo nikasikia mshindo kama lori limemwaga mawe. Mabati yalitetemeka. Ng'ombe wa jirani yetu, mama wa Kimaasai tunayemwita Yeyo, walikuja mbio wakavunja ua wetu.

Mimi na Baba tulimkuta Yeyo kwenye malisho yake. Mbele yake kulikuwa na chuma kipana kama tenki la maji, kimezama nusu ardhini, nyasi zikifuka moshi kando. Baba alinyoosha mkono. Yeyo akamshika koti.

"Mwalimu, usiguse hiyo kitu."

"Ni kipande cha roketi," Baba akasema, macho yakimeremeta. "Unajua imetoka wapi?"

"Sijui. Lakini mke wa kijana yangu amepita hapa sasa hivi, akienda maji. Alikuwa na mtoto mgongoni."

Baba alirudisha mkono.

Kesho yake walikuja maafisa wenye glavu na barakoa, wakakipakia kwenye lori na kutukataza kulisha mifugo pale.

"Mpaka lini?" Yeyo akauliza.

"Tutawaambia."

Baba alimfuata mmoja wao hadi kwenye gari. "Kuna vingine vitaanguka?"

"Huko juu viko vingi, mzee," yule afisa akajibu akifunga mlango. "Vitaangukia wapi, ndiyo hatujui."

Hawajarudi. Nyasi nyingine zilipoisha, Yeyo aliwarudisha ng'ombe pale, na wawili wametupa mimba. Pengine ni ukame. Hakuna aliyekuja kupima. Baba siku hizi anaingia ndani kabla jua halijazama, na hatumuulizi kwa nini.

Juzi ilitangazwa kwamba roketi nyingine imerushwa. Yeyo alikuja mpaka jikoni kwangu kuniuliza imeelekea upande gani. Nilimwambia sijui. Akaenda kuwaita wajukuu wake waingie ndani.