Magoti ya Mama

Siku niliyoileta ile picha nyumbani tulikuwa wanne: mie, mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi kwenye karakana ya milango Chang'ombe, mdogo wetu wa mwisho, msichana ambaye bado yuko shule ya msingi, na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, aliyekuja kutoka Ukonga na mihogo kwenye mfuko. Baba alishatangulia kabla ya mama. Na mama ndiye aliyekuwa kwenye karatasi, au ndivyo nilivyotumaini.

Mama alifariki mdogo wetu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Nilikuwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikajifunza kusuka kwenye saluni moja hapa Temeke, na kwa kusuka tumekula mpaka leo. Picha za mama zilikuwa kwenye simu yake, na simu ilipokufa zikaenda nayo. Imebaki ile ya kitambulisho chake cha mpiga kura, imefifia hadi macho yamekuwa madoa mawili. Tangu nianze kusomea uchoraji, mdogo wetu aliniomba kitu kimoja tu: "Dada, ukishajua, nichoree mama. Nimwone alivyokuwa."

Uchoraji wenyewe ulianzia saluni. Mwenye saluni aliniambia nichore mitindo ukutani ili wateja wachague, nikaujaza ukuta. Mteja mmoja akaniambia kuna darasa la Jumamosi kule Kinondoni, la kuchora picha za vitabu vya watoto, na hawaulizi cheti. Nikaenda. Mwalimu, kijana mdogo kuliko mie, alizitazama kazi zangu za mwanzo, akasema kwa upole, "Sista, watu wako wote wanauza nywele."

Nilicheka, maana ni kweli. Bibi anayechota maji, mama anayepepeta mchele, wote walikuwa wamegeuza shingo upande mmoja na kutabasamu, nywele zimepangwa kama za harusini. Karatasi zile ninazo bado. Nikizitazama sasa sizionei haya. Namwonea huruma aliyezichora, amesimama kutwa akisuka, kisha anakaa kuchora kitu pekee ambacho mikono yake inakijua.

Mkono ulibadilika polepole. Nilianza kuchora wateja wakisubiri: mmoja kasinzia chini ya draya, mwingine anamlisha mtoto ndizi huku kichwa chake kimesukwa nusu. Nikajifunza kuuacha mstari uliokosea badala ya kuufuta mpaka karatasi itoboke. Lakini kila nilipojaribu kumchora mama, alikuja yule yule mwanamke wa ukutani.

Nilipomweleza mwalimu, akaniuliza, "Ukimfikiria, unamwona yuko wapi?"

"Nyuma yangu," nikasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili jioni mama alikaa kwenye kigoda, akanikalisha mkekani katikati ya magoti yake, akanisuka twende kilioni ya shule, ile mistari iliyonyooka kurudi nyuma. Nikigeuka, alinigonga begani kwa kitana: "Tulia." Uso wake ulikuwa juu ya kichwa changu. Nilichokiona mie ni magoti, kanga iliyobanwa katikati yake, na mkono ukishuka kuchovya mafuta ya nazi.

"Basi chora hicho," mwalimu akasema.

Siku ile nilipoileta picha, mama mkubwa ndiye aliyeipokea kwanza. Alifuta mikono ndipo akaishika. "Hili goti la kushoto limekaa upande," akasema. "Alianguka kwenye mkorosho tukiwa watoto. Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilikuwa naliegemea."

Mdogo wangu wa kiume akachungulia. "Hicho kitana nakijua, kimekatika meno. Kilikuwa kinaniparua na mie, enzi nina nywele."

"Wewe hujawahi kuwa na nywele," mama mkubwa akamwambia. "Ulikuwa na vumbi."

Tulicheka, isipokuwa mdogo wetu wa mwisho. Aliweka kidole juu ya kichwa cha mtoto pichani. "Huyu ni mimi. Na haya magoti ni yako, dada."

"Ni ya mama."

"Mbona wewe ndivyo unavyokaa ukinisuka?"

Nikaangalia tena. Kanga nilikuwa nimeibana ninavyoibana mie. Kaka yake akataka kumsahihisha, "Hajui huyu," lakini mama mkubwa akamzuia. "Anajua sana. Amesukwa hapo tangu nywele zimuote."

Mdogo wetu aliibandika ukutani juu ya kitanda, akasimama kuitazama. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile anayoombea chai, "Na uso?"

"Bado."

"Hujasahau lakini?"

"Sijasahau."

Siku hizi Jumapili nakwenda Ukonga kumchora mama mkubwa, kwa sababu wote wanasema kidevu kile ni cha mama. Hatulii, anachambua mboga, anaongea, anainuka kumkaribisha jirani. Kidevu nimekipata. Paji la uso nimelichukua kwa mdogo wangu wa kiume akiwa amelala, maana akiwa macho hakubali. Vikikaa pamoja bado si mama. Mwalimu anasema mkono wangu umekua, nami naona hivyo. Uso bado nadaiwa, na anayenidai tunalala naye kitanda kimoja.