Siku Tokiko Alipowachomolea Testa Wenye Masikio

Naweka dau la bakuli zima la tambi, na yai juu yake, kwamba hii hutaiamini. Utasema nimetia chumvi. Haya, sema. Mwanamke ambaye hajawahi kumiliki hedifoni hata ya kuokota alipanda ghorofa ya nne pale Akihabara, mtaa wa maduka ya umeme, Jumamosi mchana, akawakuta wanaume kumi na mmoja wanaojisifu kwamba wanasikia hadi vumbi likitua, akawafunga midomo wote kwa testa ya fundi umeme, ile ya bei ya chakula cha mchana. Dau liko mezani, sasa tulia.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Kumagai Tokiko. Kazi yake ni kusuka transfoma. Aliacha shule ana miaka kumi na mitano, baba yake alipoumia mgongo kiwandani, akaingia karakana ya Anzai kule Ota, kichochoro ambacho kila mlango una mashine inayopiga kelele zake. Hajatoka mpaka leo, miaka thelathini na minne. Waya wa shaba anaosuka ni mwembamba kuliko unywele wako, na anauzungusha mara elfu moja na mia nane bila ya mzunguko mmoja kumkalia mwenzake. Anahesabu kwa midomo. Ukimsalimia akiwa kwenye elfu moja na mia saba, hesabu ikampotea, basi wewe tafuta mlango. Bwana mmoja wa bima alimsalimia hivyo, birika likamfuata mpaka nje. Lilikuwa tupu, lakini yeye hakulijua hilo wakati anakimbia.

Anzai, bosi wake, ni kinyume chake kabisa. Anzai anainama kwa kila mtu. Anainamia simu. Akigonga kiti kwa bahati mbaya, anakiomba radhi. Kwa upole huo wateja walikuwa wamemponyoka mmoja mmoja. Viwanda vilivyokuwa vikichukua transfoma kwake vilihamia mbali, na kila kilipohama Anzai alikisindikiza kwa kuinama.

Mwaka ule akajaribu kitu cha mwisho. Akatengeneza amplifaya ya hedifoni, ndogo kama kopo la chakula cha mchana, tumboni mwake transfoma mbili za Tokiko. Sugaya, mwenye duka la Akihabara, akamwambia waziwazi: wateja wangu wa Jumamosi wakiikubali mbele ya ile ya kampuni kubwa ninayouza sasa, nachukua arobaini. Wakiikataa, basi. Na Anzai alikuwa ameshaamua kwamba ikiwa basi, karakana inafungwa mwaka mpya, na mashine ya kusukia inakwenda kwa wauza chuma chakavu. Habari hiyo alimpa Tokiko pamoja na boksi la vitumbua vya maharage, kumpooza. Tokiko alivila vyote huku akiwa amefura, halafu akasema anakwenda naye Jumamosi. Hakuomba.

Kule dukani mambo yana adabu zake. Watu wanaongea kwa kunong'ona kama wako msibani. Kila mmoja anakuja na diski yake ya wimbo anaoujua kama nyumba yake. Kuna kiti kimoja, unakaa dakika kumi na tano, unampisha mwenzako. Siku ile hedifoni ilikuwa moja, kubwa, wazi mgongoni, bei yake gari la mtumba ambalo bado linatembea. Amplifaya zilikuwa mbili chini ya kitambaa cheusi. Kilichochungulia ni vitufe tu vya kuzungushia sauti, na vibandiko viwili, A na B. Ya Anzai ilikuwa A, na wasikilizaji hawakuambiwa.

Mkuu wao alikuwa Hoshide, daktari wa meno aliyestaafu, shati limenyooka mpaka linakuudhi. Ana daftari la ngozi. Akisema besi imekauka, wote wanasikia ukame. Alikaa wa kwanza, akafumba macho, akahamishiwa plagi kutoka A kwenda B, akarudishiwa, akafungua macho taratibu kama mtu anayeamshwa peponi. Akatamka kwamba kwenye A mwimbaji amesimama nyuma ya mlango. Kwenye B ametoka, amekuja kukaa karibu, pumzi zake unazisikia shavuni.

Baada ya hapo, kumi waliobaki wote wakakuta mlango. Mmoja aliuona wa mbao, mwingine wa karatasi. Mzee mmoja alisema kwenye B alinusa msitu uliolowa mvua. Na hedifoni haina pua. Kura zikawa kumi na moja kwa B. Anzai akainama, akashukuru kwa mafunzo, akainama tena.

Tokiko alikuwa amesimama ukutani, mkoba kifuani, shingo imeanza kuwa nyekundu. Miaka thelathini na minne jina lake halijaandikwa hata kwenye boksi. Hilo alilizoea. Lakini kuambiwa kazi ya mikono yake ni mlango, na mtu mwenye daftari la ngozi, hapana.

Hoshide akamwona, akamuuliza kwa upole ule unaochoma: dada, nyumbani unatumia hedifoni gani?

"Sina. Nina redio, na antena yake ni uma."

Walicheka kidogo, viganja midomoni. Cheko la namna hiyo ni baya kuliko la wazi. Hoshide akamweleza kwamba masikio ni kama meno, yasipotunzwa mapema ndiyo hivyo tena. Mwingine akanong'ona kwamba mashine za kukanda mabega ziko ghorofa ya pili, zinapunguzwa bei.

Tokiko alikwenda akakaa kwenye kiti. Hakukaribishwa. Akavaa hedifoni, akamwambia Sugaya arudishe diski ya daktari, na ahamishe plagi pale atakaponyoosha kidole, si kabla. A. B. A. B. Alitafuta mlango, hakuuona. Alitafuta pumzi, msitu, mvua. Alichosikia ni mama mmoja anaimba, kisha mama yuleyule anaimba kwa nguvu zaidi. Basi. Mtu aliyekaa miaka kati ya transfoma zinazonguruma anajua kitu kinachonguruma karibu na kile kinachonguruma mbali. Hii haikuwa karibu wala mbali. Hii ilikuwa ndogo na kubwa.

Akavua hedifoni, akainama kwenye vitufe. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha tepu nyeupe juu, kimekatwa kwa mkasi, kingo zimenyooka.

Akauliza nani kabandika hizi tepu. Hoshide akajibu kwa fahari kwamba ni yeye. Kwa ajili ya haki. Vitufe vyote viwili vimeelekezwa saa sita kamili, hakuna aliyependelewa.

"Saa sita ya nani?" Tokiko akasema.

Hakunong'ona. Dukani humo hakuna aliyewahi kusema kwa sauti ile, hata siku ya tetemeko.

"Nakuuliza, daktari. Saa sita ya nani? Yetu saa sita yake ni kunong'ona. Ya hao wenzenu saa sita yake ni kubweka. Zimetengenezwa na watu tofauti, unataka zishike saa moja kama treni? Umeweka haki ya macho, hapa tumekuja na masikio."

Anzai alikuwa ameshaanza kuinamia chumba kizima, upande huu na upande ule, akiomba radhi kwa niaba yake. Tokiko akamgeukia, akamwambia aache, kichwa kitadondoka na hana wa kumwokotea. Kisha akafungua mkoba, akatoa testa ya njano yenye kioo cha namba, nyaya zake zimefungwa kwa raba ya nywele.

Alimwamuru Sugaya, ndiyo, alimwamuru, mwenye duka kwenye duka lake, apige mlio mmoja mzito usiopanda wala kushuka. Sugaya akapiga. Tokiko akagusisha ncha za testa pale hedifoni inapopokea umeme wake. A ikaonyesha nukta saba ya volti. Akahamia B. Moja kamili.

"Soma mwenyewe," akamwambia Hoshide, akimsogezea testa mpaka chini ya kidevu. "Nina wasiwasi macho yangu pia hayakutunzwa mapema."

Sasa hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Wale watu walijua. Wote kumi na mmoja walijua, Sugaya alijua, ni jambo la kwanza kabisa mtu kujifunza katika mambo yao: kinachosikika kwa nguvu kidogo zaidi, sikio linakiita kizuri. Halisemi kina nguvu. Linasema kina pumzi, kina uhai, kiko karibu. Walikuwa wameyasoma, wakayaandika, wakawafundisha wengine. Kisha zikaja tepu mbili zilizokatwa vizuri, wakasahau. Karakana ya watu ilikuwa inakwenda kufungwa kwa sababu ya unadhifu.

Hoshide akasema, polepole, kwamba masikio yake yako katika jambo hili kwa miaka arobaini.

"Na meno ulikuwa unang'oa kwa kukadiria?"

Yule mzee wa msitu akaguna, na guno likamponyoka likawa kicheko, na akatazama chini haraka kama mtu aliyejamba. Hoshide alipanda rangi kuanzia kwenye kola. Na yeye ni mtu, hasira zikamshika. Akasema vizuri, turudie, tupime sawasawa, testa ashike yeye mwenyewe. Na huyu dada akae na aandike kura kama wengine, tumwone.

"Niandike nini?" Tokiko akafoka. "Transfoma zangu nazijua hata ukinizika nazo. Nikisikia moja kati ya elfu nakuonyesha. Lete kalamu."

Basi wakatolewa wote nje kwenye ngazi. Humo ndani wakabaki Sugaya na Hoshide, testa mkononi, wakizipanga upya amplifaya chini ya kitambaa na kuzungusha vitufe mpaka zote mbili zikasoma nukta saba. Vibandiko vikabadilishwa, sasa namba moja na namba mbili. Kisha Hoshide naye akatoka, Sugaya akazibadilisha mahali tena peke yake, akapima, ili hata daktari asijue. Kule kwenye ngazi Tokiko alisimama peke yake ngazi ya juu, na hakuna aliyekuwa tayari kusimama ya pili yake.

Raundi ile ilikula mchana wote. Hakuna aliyekutana na mlango. Hakuna aliyenusa kitu. Watu walikaa, wakahamishiwa plagi mara kumi, mara ishirini, wakasugua paji la uso, wakaomba warudishiwe. Yule wa mashine za mabega aliandika, akafuta, akaandika, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Hoshide alimaliza dakika zake kumi na tano akaomba nyingine tano, jambo ambalo hajawahi kuliomba. Tokiko alikaa wa mwisho. Alisikiliza dakika tatu tu, akatikisa kichwa kwa dharau, akaandika, akakunja.

Karatasi zikawa kumi na mbili. Sugaya akazifungua mezani. Tano kwa namba moja. Tano kwa namba mbili. Mbili hazikuchagua. Kati ya hizo mbili moja ilikuwa tupu, na nyingine imeandikwa kwa mwandiko wa kalamu ya wino: sisikii tofauti. Chini yake sahihi, Hoshide. Hakuna aliyemwomba aweke sahihi.

Sugaya akavuta kitambaa. Namba moja ilikuwa ya kampuni kubwa. Namba mbili ilikuwa kopo la Anzai.

Sugaya akazitazama, kisha akasema kama wateja wenye masikio haya hawawezi kuzitenganisha, yeye anachagua kwa njia nyingine. Ile kubwa ikiharibika ataandika barua, atajibiwa na mashine. Hii ikiharibika, kuna mtu atakayepanda ngazi nne na testa yake, apende asipende. Arobaini zake anazitaka kabla maua ya mcheri hayajachanua. Anzai aliinama mpaka miwani ikaanguka.

Wewe unadhani Tokiko alifurahi. Alishuka ngazi akizipiga teke. Hasira haikuwa imepungua hata nusu volti. Tepu, alikuwa anasema, tepu mbili, miaka thelathini na minne, wanatuua kwa tepu, na kama nisingekuja wewe ungekuwa unawashukuru mpaka sasa hivi, unakubali kuwa mlango. Anzai alikubali kila neno. Wauza simu pale chini walimpisha njia bila ya kuambiwa.

Hoshide aliwakuta kwenye kituo, ameshuka mbio, anahema. Alisimama mbele ya Tokiko, akainama hasa, mgongo wote, mbele za watu. Tokiko alimtazama kisogo. Akamwambia ainuke, anazuia watu. Kisha, kwa sauti ileile ya ukali, akamwambia testa nzuri zinauzwa duka la pili kushoto, asinunue ya bei ghali.

Treni ilichelewa dakika moja, na hilo nalo alilikasirikia. Anzai, ambaye kwa mara ya kwanza miezi mingi uso wake ulikuwa umekunjuka, akaanza kumsifu. Kwamba kati ya watu wote mle ndani, alau alikuwapo mmoja aliyeijua kazi yao papo hapo, dakika tatu tu, bila ya kubabaika. Kwamba ataliandika jina lake kwenye boksi, herufi kubwa. Karatasi zile hazikuwa na majina, ila ya daktari, na Sugaya alikuwa ameshazitupa. Tokiko angeweza kukaa kimya. Alitazama reli.

"Niliandika moja," akasema. "Yetu ilikuwa mbili. Nilikosea."